Kikosi Kinachohesabu Kila Skrubu

Tarehe 1 Februari 2025, ndege 16 za kivita aina ya F/A-18 Super Hornet ziliruka kutoka kwenye sitaha ya manowari ya Marekani USS Harry S. Truman na kumwaga mabomu juu ya milima ya Bari, kaskazini-mashariki mwa Somalia, walikojichimbia wapiganaji wa tawi la Dola ya Kiislamu. Mwezi Mei mwaka huohuo Admirali James Kilby, aliyekuwa akikaimu ukuu wa Jeshi la Majini la Marekani, alijinasibu mbele ya hadhara ya wachambuzi wa siasa za nje kwamba shambulio lile lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyopata kufanywa duniani kutoka kwenye manowari moja ya kubeba ndege: pauni 125,000 za mabomu. Kwa vipimo tunavyovitumia sisi, hizo ni karibu tani 57. Kamandi ya Marekani barani Afrika, Africom, ilitangaza kwamba waliouawa ni wapiganaji wapatao 14.

Msomaji anayejua kugawanya hahitaji msaada wangu. Ni tani nne na ushei kwa kila mtu mmoja, yaani mzigo wa Canter iliyojaa pomoni, ulioshushwa kutoka angani kwa ajili ya mwili mmoja.

Siandiki kuwatetea wale 14. Tawi lile la Dola ya Kiislamu limewatoza wafanyabiashara wa Bosaso fedha kwa vitisho, na limeua watu waliokataa kulipa. Wala sisemi kwamba Somalia ilivamiwa: shambulio lilifanywa kwa kushauriana na serikali ya Mogadishu, na Rais Hassan Sheikh Mohamud alilipokea kwa shukrani hadharani. Ninachotaka kubishana nacho ni namna sisi, wasomi, wanaharakati na watumishi wa umma wa ukanda huu, tulivyolipokea tukio lile. Kundi moja lilisambaza video za ndege zikirushwa kutoka kwenye sitaha, likashangilia kama mashabiki wa mpira. Kundi la pili liliandika neno "mabeberu" na kwenda kulala. Makundi yote mawili hayakuuliza swali hata moja ambalo jibu lake lingehitaji kusoma. Nadai kwamba uvivu huo ni sehemu ya nguvu ya manowari ile, na ili kulithibitisha dai hilo nitawaomba mnivumilie nieleze historia ya kikosi kimoja tu kati ya vile vilivyokuwamo ndani ya Truman.

Kikosi chenyewe kinaitwa VFA-11, na kwa jina la kujipamba Red Rippers, ambalo mimi nitalitafsiri Wararuaji Wekundu. Waliolianzisha jina hilo walikuwa kikosi kilichoundwa tarehe 1 Februari 1927 huko Hampton Roads, jimbo la Virginia, kwa namba ya VF-5, kikirusha ndege za Curtiss zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Naam, tarehe hiyohiyo: siku mabomu yale yanashuka Bari, jina la Red Rippers lilikuwa likitimiza miaka 98. Ni sadfa ya kalenda, wala sitaki msomaji aijengee nadharia ya njama. Nembo yao ni kichwa cha nguruwe dume mwitu, ambacho wenyewe husimulia kwa furaha kwamba kilinakiliwa kutoka kwenye chupa ya jini ya Gordon's, na chini yake pameninginia soseji. Nembo ya nguruwe na pombe, kwenye manowari inayozishambulia nchi za Kiislamu mwaka wa 2025! Mzaha wa vijana wa mwaka 1927 haukukusudiwa kumtukana mtu yeyote wa Puntland au Yemen, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Walio chini hawakuwamo hata katika mzaha.

Sasa tazameni jinsi wanavyoitunza nasaba yao. Kikosi kile cha 1927 kilibadilishwa namba mara nyingi, hadi kikaitwa VF-11, na tarehe 15 Februari 1959 kikavunjwa. Siku iliyofuata, kikosi kingine kabisa, kilichozaliwa tarehe 1 Septemba 1950 kwa jina la VF-43, kikapewa namba ya VF-11, na pamoja na namba hiyo kikachukua nguruwe, soseji na masimulizi yote ya marehemu. Ni kama ukoo umekwisha, kisha jirani akaingia kwenye nyumba, akavaa kanzu ya babu aliyezikwa jana na kuanza kuwasimulia wajukuu vita alivyopigana babu huyo. Lakini Jeshi la Majini lina utaratibu wake wa kuzihifadhi nasaba, na utaratibu huo hausiti kusema kwamba kisheria Red Rippers wa leo ni wa 1950, na kwamba mengine ni mapokeo. Taasisi yenye uwezo wa kumwambia askari wake shujaa kwamba amekosea tarehe ya kuzaliwa kwa kikosi chake ni taasisi inayoheshimu kumbukumbu. Nimewahi kutafuta, katika ofisi moja ya umma nisiyoitaja, faili la miaka 20 tu nyuma, nikaambiwa lililiwa na mchwa.

Katika mapokeo hayo ya babu aliyezikwa mna jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia ya Afrika angepaswa kulijua. Vita vya kwanza vikubwa vya angani vya Red Rippers havikupiganwa juu ya Ujerumani wala Japani. Vilipiganwa juu ya Casablanca, Morocco, tarehe 8 Novemba 1942, Wamarekani na Waingereza walipoteremsha majeshi Afrika Kaskazini. Wakati huo kikosi kiliitwa VF-41 na kilirusha ndege za Wildcat kutoka kwenye manowari ya USS Ranger. Waliokuja kuwakabili walikuwa Wafaransa watiifu kwa serikali ya Vichy, na sehemu ya Wafaransa hao walirusha ndege za Curtiss Hawk 75, zilizotengenezwa Marekani na kampuni ileile iliyounda ndege za kwanza za Red Rippers. Zaidi ya hayo, kundi mojawapo la Wafaransa hao lilibeba jina la Lafayette na nembo ya kichwa cha Mhindi Mwekundu, urithi wa marubani wa Kimarekani waliojitolea kuipigania Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wamarekani waliwaangusha warithi wa Wamarekani, waliokuwa ndani ya ndege za Kimarekani, na pande zote mbili zilipoteza ndege siku ile.

Vitabu vya historia ya kijeshi huufurahia sana mkanganyiko huo, nami nakiri una ladha yake. Lakini hesabuni wahusika wanaotajwa: Wamarekani na Wafaransa. Casablanca ilikuwa mji wa Wamorocco. Nchi yao ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu 1912, wala hakuna aliyewauliza kama wangependa mataifa mawili ya Kizungu yapigane juu ya mapaa ya nyumba zao. Bandari ilipigwa mabomu, barabara zikafyatuliwa risasi kutoka angani, na katika masimulizi ya Red Rippers Mmorocco hana jina, hana namba, na aghalabu hana hata sentensi. Safu ya "walio chini" ilikosekana katika daftari tangu ukurasa wa kwanza.

Hapa itanibidi nieleze manowari ya kubeba ndege inavyofanya kazi, kwa sababu siasa yake imo ndani ya mitambo yake. Truman ina urefu wa mita 333 hivi, uzito wa karibu tani 100,000, na inaendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Ndege yenye mzigo wa mabomu haiwezi kupaa katika nafasi fupi hivyo kwa nguvu zake peke yake. Hufungwa kwenye manati ya mvuke, na neno letu la watoto wa kijijini linafaa hapa kuliko lugha yoyote ya uhandisi, kwa sababu ndiyo kazi inayofanyika: mvuke uliobanwa huachiwa, na ndege yenye uzito wa malori kadhaa huvurumishwa hadi kasi inayozidi kilomita 250 kwa saa kwa muda wa sekunde mbili tu. Inaporudi, rubani hushusha ndoano iliyo mkiani na kutafuta kunasa waya mmoja kati ya minne iliyotandazwa sitahani. Papo hapo anaposhuka husukuma injini hadi nguvu zote, kwa sababu ndoano ikikosa waya lazima awe tayari kupaa tena. Chini yake wamejipanga vijana waliovaa fulana za rangi: njano kwa wanaoziongoza ndege, zambarau kwa wanaotia mafuta, nyekundu kwa wanaoshughulika na mabomu, kijani kwa wa manati na matengenezo. Wengi wao wana umri wa miaka 19 au 20. Ndio rika la wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, ambao baadhi yao hawajaaminiwa kubaki na ufunguo wa maktaba.

Mitambo yote hii ilibuniwa ili kulikwepa jambo moja: kuomba ruhusa. Ndege inayoruka kutoka kwenye uwanja wa nchi kavu inamhitaji mwenye uwanja. Mwenye uwanja ana bunge, ana wapinzani, ana magazeti, ana uchaguzi. Manowari huelea katika bahari isiyo ya mtu, ikiwa na uwanja wake, mafuta yake ya ndege, hospitali yake na magala yake ya mabomu. Wanamikakati wa Marekani hawafichi jambo hili; ndiyo sifa wanayoitaja kila wanapoomba fedha za kujenga nyingine.

Hata hivyo uhuru huo haujakamilika, na hapa ndipo wanaharakati wetu hushindwa kuona mlango uliofunguliwa nusu. Watu wapatao 5,000 wanataka chakula, vipuri, barua na likizo. Mwaka 1980 Marekani ilifanya makubaliano na Oman, Kenya na Somalia ya kutumia vituo na bandari zao, Mombasa na Berbera zikiwamo, ili meli zake ziweze kukaa katika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo ruhusa yetu ilihitajika, nayo ilitolewa. Ni raia wangapi wa nchi hizo waliopata kuyasoma makubaliano hayo?

Mpinzani wangu, naye ni mtu ninayemheshimu, atanikumbusha Julai 1976. Baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe, Idi Amin aliitishia Kenya kwa kuwasaidia, na Marekani ikaituma USS Ranger, manowari mpya yenye jina la ile ya Casablanca, karibu na pwani ya Kenya. Nairobi ilifarijika, na kwa haki. Sitaki kuandika kana kwamba kila ndege inayoruka baharini imetukusudia mabaya. Lakini hata mgeni anayekuja kukulinda huandikwa jina kwenye daftari la wageni, na mwenye nyumba hujua amekuja lini, ameondoka lini na ameacha nini. Ulinzi usio na daftari kwa upande wa mlindwa si mkataba wa watu wawili.

Turudi kwa Red Rippers, kwenye msiba wao mkubwa. Tarehe 29 Julai 1967 walikuwa ndani ya USS Forrestal, katika Ghuba ya Tonkin, ikiwa ni siku ya tano tangu manowari hiyo ianze kuishambulia Vietnam ya Kaskazini. Roketi aina ya Zuni ilifyatuka yenyewe kutoka kwenye ndege ya Phantom ya kikosi cha VF-11, ilipopata mshtuko wa umeme wakati rubani akihamisha ndege kutoka kwenye umeme wa nje kwenda ule wa ndani. Ilivuka sitaha na kutoboa tangi la mafuta la ndege iliyokuwa upande wa pili. Miongoni mwa ndege zilizosubiri kuruka palikuwa na mabomu ya zamani, yaliyochakaa, yaliyoletwa melini jana yake kwa sababu mapya yalikuwa yamepungua. Moto uliyafikia, na la kwanza lililipuka baada ya dakika moja na nusu hivi, likawaua wazimamoto waliokuwa wamefika na mipira yao. Walikufa mabaharia 134, na ndege 21 ziliteketea. Mmoja wa marubani waliponea chupuchupu alikuwa John McCain, ambaye baadaye aligombea urais.

Uchunguzi ulionyesha kwamba hatua za usalama zilikuwa zimefupishwa ili ndege zitoke haraka: pini iliyotakiwa kuizuia roketi ilikuwa imetolewa mapema, na waya uliotakiwa kuunganishwa mwisho kabisa, ndege ikiwa kwenye manati, ulikuwa umekwisha kuunganishwa. Watumishi wa umma wanaonisoma wanaifahamu hali hiyo bila kuelezwa zaidi: idara moja inalegeza sharti kwa kuamini kwamba idara nyingine inalishikilia, na idara nyingine inafanya vivyo hivyo. Marekani ilifanya nini? Picha za kamera za sitahani ziligeuzwa filamu ya mafunzo iliyoonyeshwa kwa vizazi vya mabaharia. Shule ya kuzima moto huko Norfolk ilipewa jina la Farrier, aliyeukimbilia moto akiwa na kizimamoto cha mkononi na kufa katika mlipuko wa kwanza. Kila mmoja wa wale 134 anajulikana kwa jina.

Naiheshimu kazi hiyo, na nasema hivyo bila kejeli. Lakini siku nne zilizotangulia moto ule, ndege za Forrestal zilikuwa zimefanya safari zaidi ya 150 za mashambulizi juu ya Vietnam ya Kaskazini. Katika historia ya kikosi, safari zile ni idadi. Moto una majina, una dakika, una picha, una shule. Safari zina tarakimu moja ya jumla. Chombo kilekile kinachohesabu kwa umakini wa kutisha kilichotokea juu ya sitaha huishiwa wino ndege inapovuka ufuo.

Miaka 57 baadaye hali ni ileile. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2024, katika Bahari ya Shamu, ndege ya Red Rippers ilikuwa ikirejea Truman kutoka kazini wakati meli ya Gettysburg, ambayo kazi yake ilikuwa kuilinda Truman, ilipoidhania kuwa kombora la adui na kuiangusha. Marubani wawili walijirusha nje na kuokolewa. Tarehe 28 Aprili 2025, ndege ya kikosi kingine cha manowari hiyohiyo iliteleza na kutumbukia baharini pamoja na trekta lililokuwa likiivuta, manowari ilipokata kona kali. Tarehe 6 Mei ndege nyingine ya Red Rippers ilinasa waya, lakini mtambo wa waya ukashindwa kuisimamisha; nayo ikazama, marubani wakiwa wamejirusha tena. Thamani ya kila ndege inazidi dola milioni 60. Desemba 2025 Jeshi la Majini lilizitoa hadharani ripoti za uchunguzi, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kusoma jinsi mafunzo yalivyopungua kwenye Gettysburg na jinsi matengenezo mabovu ya mtambo wa waya, hadi kwenye kifaa kidogo kilichokosekana, yalivyoigharimu serikali ndege nzima.

Nitaomba tusimame kwenye tarehe 28 Aprili. Siku hiyohiyo ambayo ndege ile iliteleza, shambulio la anga la Marekani lilipiga kituo cha kuwazuilia wahamiaji mjini Sa'ada, kaskazini mwa Yemen. Mamlaka ya Wahouthi ilisema waliokufa ni 68. Walikuwa Waafrika, wengi wao Waethiopia, watu waliovuka bahari wakitafuta kazi za mikono Saudi Arabia na kukamatwa njiani. Jeshi la Marekani lilisema lina habari za madai hayo na linayatathmini. Shirika la Amnesty International liliwahoji walionusurika na kutaka tukio hilo lichunguzwe kama uhalifu wa kivita. Hoja yangu haitegemei bomu lile lilibebwa na ndege ya manowari ipi au ya uwanja upi. Hoja yangu ni uwiano. Kuhusu chuma kilichozama siku ile tunajua aina yake, bei yake, mwendo wa meli, kona iliyokatwa, na kwamba baharia mmoja alijeruhiwa kidogo. Kuhusu Waafrika waliokufa siku ile tunayo namba iliyotolewa na upande mmoja wa vita.

Mtu atasema hayo ndiyo niliyoyaanza kuyakemea, yaani kulia "mabeberu" kwa maneno marefu zaidi. Hapana. Marekani inatunza kumbukumbu kwa ajili ya walipa kodi wake na wazazi wa askari wake, kama inavyopaswa. Kosa la kutokuwapo kwa daftari la pili ni letu. Wale wa Sa'ada walikuwa raia wa nchi ambayo mji wake mkuu ni makao ya Umoja wa Afrika. Nani anaweza kunionyesha ukurasa mmoja, wenye muhuri wa taasisi ya Kiafrika, ulioorodhesha majina yao? Shambulio la Bari lilifanyika juu ya ardhi ya nchi ambayo tangu 2024 ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumuiya yenye bunge lake Arusha, umbali wa safari ya basi kutoka vyuo vyetu vingi. Shambulio lililojinadi kuwa kubwa kuliko yote ya aina yake duniani lilitua ndani ya mipaka ya Jumuiya yetu! Ni mbunge gani wa Jumuiya aliyetakiwa na wapiga kura wake aeleze tani 57 zimefanya nini kwenye vyanzo vya maji vya wafugaji wa milima ile?

Wala tusiambiwe kwamba kuhesabu hakusaidii kitu mbele ya dola kubwa. Aprili 2018 shambulio la anga la Marekani karibu na El Buur, Somalia, lilimuua mama na mtoto wake mdogo. Africom ilishikilia kwa muda mrefu kwamba hakuna raia aliyedhurika. Amnesty na familia za Wasomali waliendelea kubisha hodi kwa majina, tarehe na mahali, na Aprili 2019 Africom ikakiri kwamba mwanamke na mtoto walikufa. Mwaka 2020 kamandi hiyo ikaanza kutoa ripoti za kila robo mwaka kuhusu madai ya vifo vya raia. Ripoti zenyewe ni bahili, lakini zipo, na zipo kwa sababu mtu aliyekuwa na karatasi mkononi alikataa kuondoka mlangoni.

Kuna jambo jingine linalofichwa na majigambo ya tani. Mapango ya milima ya Bari hayakutekwa na Super Hornet. Yalitekwa na askari wa Puntland, waliopanda kwa miguu pango baada ya pango katika operesheni iliyoanza kabla ya ndege za Truman kufika, wakikanyaga mabomu yaliyotegwa ardhini na kuzika wenzao njiani. Mwanafunzi wangu wa sayansi ya siasa anaweza kunitajia kasi ya Super Hornet, na akipenda atanitajia filamu ya Tom Cruise iliyoipamba. Muulize jina la operesheni ile ya Puntland, anyamaze. Iliitwa Hilaac, neno la Kisomali lenye maana ya radi imulikayo. Hapo ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu kutolijua jina hilo hakukusababishwa na muhuri wa SIRI wa mtu yeyote.

Kwa watumishi wa umma nina neno fupi. Mikataba ya kijeshi ya nchi zetu na mataifa ya nje ina mambo ambayo kweli hayafai kutangazwa, kama masafa ya redio na mahali pa maghala. Kuwapo kwa mkataba, muda wake, na nani hulipa fidia raia akiumia, havimo kati ya mambo hayo. Anayelijua hilo na bado anapiga muhuri kwenye jalada zima anatunza starehe ya ofisi yake.

Na kwa wanafunzi, mwaka huu natafuta wawili wa shahada ya uzamili. Mmoja aandike kuhusu makubaliano ya 1980 na yale yaliyoyafuata, kuanzia kwenye kumbukumbu rasmi za mabunge ya pwani hii, ukurasa kwa ukurasa, hata kama atakachokipata ni ukimya. Wa pili aandike historia ya tarehe 1 Februari 2025 kwa upande wa wakazi wa Bari: wafugaji, wavuvi wa pwani ya karibu, madereva wa malori ya Bosaso. Huyu wa pili awe anajua Kisomali au awe tayari kujifunza kwa mwaka mzima kabla ya kwenda. Asije na pendekezo lililojaa picha za ndege. Vipimo vya ndege ninavyo tayari, wenyewe wamevichapa vyote.